FOMATI SI DAWA YA KILA UGONJWA

Nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa pili na leo nimepewa ukurasa wa kulitua. Jambo lenyewe ni hili: mafundi wetu wa tarakilishi wanafomati upesi mno, nasi wenye mali tunakubali upesi mno. Tarakilishi ya nyumbani ikitoa ile skrini ya samawati yenye maandishi meupe, mtu mzima anashika kichwa, anaita fundi, fundi anatazama kwa muda wa kumeza mate, kisha anatamka neno moja tu: "Fomati." Hapo ndipo picha za harusi, barua za kuomba kazi, hesabu za duka na kazi za shule hufutwa, na mwenye mali anatia mkono mfukoni kulipia maafa hayo. Kwa maoni yangu huo ni uganga wa kumkata mgonjwa kichwa ili kumponya kipandauso.

Huenda kuna asiyejua kufomati ni nini, na kuuliza si ujinga. Chukulia diski ya tarakilishi kuwa maktaba kubwa. Mbele ya maktaba kuna daftari linaloonyesha kila kitabu kiko rafu gani. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko mafundi hufanya, ni kulichana daftari hilo na kuweka jipya lisilo na kitu. Vitabu vyenyewe vinaweza kubaki rafuni kwa muda, lakini tarakilishi haivioni tena, na Windows mpya ikianza kujipanga inaviangukia juu kwa mzigo wa gigabaiti nyingi. Katika diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mashine huweza kuambiwa iyafute kabisa yale yasiyo tena kwenye daftari. Ukija kulia kesho yake, umechelewa.

Sasa hebu tuanze na sisi wenyewe kabla hatujamgeukia fundi, maana hapa ndipo chama chetu cha Kiswahili kinapoingia. Mtu akienda kwa daktari hasemi "nimekufa". Anasema kichwa kinauma, au tumbo linasokota tangu jana jioni baada ya kula samaki. Lakini tarakilishi ikipata taabu yoyote ile, sisi sote tuna neno moja: "Imekufa." Jamani, imekufaje? Kuna ile iliyoganda, yaani picha iko palepale lakini kipanya hakisogei. Kuna iliyojizima ghafla kama taa. Kuna inayojiwasha na kujizima, ikajiwasha na kujizima, kama mtu mwenye kwikwi. Kuna inayowaka taa na feni ikavuma lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Kuna iliyogoma kabisa, hata taa haitoi. Na kuna ile ya samawati, ambayo kwa hakika ndiyo yenye adabu kuliko zote, kwa kuwa imesimama kwa makusudi isiharibu zaidi na ikaacha barua ya kueleza sababu. Magonjwa haya sita hayana dawa moja. Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenga yote, tena vitamu: kuganda, kuzimika, kugoma, kukwama, kusita, kuzubaa. Ukimwambia fundi "imekufa", usishangae akija na jembe na sanda.

Fauka ya hayo, hata yeye fundi mara nyingi haisomi ile barua. Skrini ya samawati, ambayo katika Windows 11 Microsoft ilianza kuigeuza kuwa nyeusi mwaka wa 2025, hubeba jina la hitilafu kwa herufi kubwa, na mara nyingi namba inayoanza na sifuri na herufi x. Namba hizo si mapambo. 0x0000007B ina maana kwamba Windows imeanza kuamka lakini haiwezi kuifikia diski inayolalia. 0x0000001A hulalamikia usimamizi wa kumbukumbu, na mara nyingi humpeleka fundi mwangalifu kwenye vile vijiti vya RAM. 0x00000024 huelekeza kidole kwenye mpangilio wa faili ndani ya diski. Namba peke yake haimalizi kesi, lakini ni shahidi wa kwanza, na sijui ni mahakama gani humfukuza shahidi wa kwanza kabla hajafungua kinywa.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu.

Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22. Kila mmoja huchanga shilingi 500 kwa mwezi na lengo lao ni kununua kiwanja. Wamechanga miaka minne. Piga hesabu utaona ni zaidi ya nusu milioni, na hapo sijataja mikopo wanayokopeshana na riba zake. Pesa zenyewe ziko benki, hilo halina wasiwasi, lakini benki inajua jumla tu. Nani ametoa ngapi, nani alikopa mwezi wa nne na akarudisha nusu, nani alifiwa akasamehewa faini, hayo yote yamo katika faili moja ndani ya tarakilishi kuukuu iliyo sebuleni kwetu, ambayo mjomba alitununulia kwa muuzaji wa vitu vya mtumba. Mjomba huyohuyo ndiye aliyemshawishi Mama aachane na daftari lake la jalada jeusi, eti hizi ni zama za dijitali. Nakala ya mwisho iliyochapishwa kwenye karatasi ilikuwa na umri wa miezi minane.

Mvua ya Jumatatu moja ilileta upepo, umeme ukapotea mtaa mzima, na haukurudi hadi Jumatano alasiri. Uliporudi, tarakilishi ikawashwa. Kwanza ikatoa skrini nyeusi yenye maandishi machache ya Kiingereza, ikisema kwamba saa na tarehe hazijawekwa na kumtaka mtu abonyeze F1 ili kuendelea. Kisha ikaja nembo ya Windows, kisha samawati: 0x0000007B. Ikajizima, ikajiwasha, samawati tena.

Fundi aliitwa. Ni kijana mpole, kazi zake nyingine huzifanya vizuri, na kibanda chake kiko karibu na steji. Alibonyeza F1 bila kusoma, akaiona samawati, akatikisa kichwa. "Mama, hii diski imekula umeme. Hapa ni fomati tu. Elfu moja mia tano, na Windows nakuwekea mpya."

"Na hesabu za chama?"

"Hizo zimeenda, Mama. Pole."

Mama alikaa kitako kwenye stuli akanyamaza. Mkutano wa chama ulikuwa Jumamosi. Wasomaji wenye mama kwenye vyama vya aina hii wanaelewa. Mweka hazina akisimama mbele ya wanawake 22 na kusema hesabu zimepotea ndani ya mashine, hakuna atakayesema mashine ina makosa. Watasema amekula. Watasema polepole, njiani, wakirudi nyumbani, na neno hilo halifutiki hata ukilifomati. Nilimwomba Mama ampe fundi nauli yake na amwambie tutamwita. Nikaandika skrini zote mbili, ile nyeusi na ile ya samawati, neno kwa neno, nyuma ya daftari langu la Kemia.

Alhamisi nilimwonyesha mwalimu wetu wa somo la tarakilishi wakati wa mapumziko. Hakuitazama samawati kwanza. Alirudi kwenye ile skrini nyeusi ambayo kila mtu alikuwa akiipita mbio kwa F1, akauliza, "Saa yake inaonyesha mwaka gani?" Nilikuwa nimenakili hilo pia. Ilionyesha tarehe 1 Januari 2013. Mwalimu akacheka, nami sikuona cha kucheka.

Sababu yenyewe ilikuwa hii, na ninaieleza kwa urefu kwa kuwa nyumba nyingi zenye tarakilishi za mtumba zitapatwa nayo. Ndani ya tarakilishi ya mezani kuna betri ndogo bapa kama sarafu ya shilingi, ya volti 3, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuikumbusha mashine saa, tarehe na mipangilio yake ya msingi, ile inayoitwa BIOS, wakati umeme haupo. Betri hii hudumu miaka kadhaa, kisha huchoka. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani muda wote, hata ikizimwa, huendelea kunyonya umeme kidogo wa kulinda kumbukumbu hiyo, kwa hivyo hutajua kwamba betri imeisha. Lakini umeme ukikosekana kabisa siku mbili, mashine inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Saa inarudi nyuma miaka kumi na zaidi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mpangilio wa namna ya kuongea na diski nao hurudi ulivyotoka kiwandani. Yule aliyetuuzia mashine alikuwa ameiweka Windows chini ya mpangilio uitwao AHCI. Kiwandani mashine ile ilikuwa RAID. Basi Windows ikawa inaamka asubuhi, inaita diski kwa lugha iliyoizoea, na mlango unajibiwa kwa lugha nyingine. Inapiga kelele 0x0000007B: siioni diski! Diski ilikuwa pale pale, nzima kama yai.

Mwalimu aliniagiza mambo matatu. Niingie kwenye BIOS nihakikishe kama jina la diski linaonekana, kwa kuwa diski isiyoonekana hapo ni kesi nyingine kabisa. Niandike mpangilio nitakaoukuta kabla ya kugusa lolote, ili nikikosea njia niweze kurudi nilikotoka. Kisha nibadilishe jambo moja pekee. Mashine yetu ina diski moja, hivyo kuugeuza mpangilio huo na kuurudisha hakufuti chochote ndani yake. Jioni ile, mjomba akiwa ameshika tochi ya simu kana kwamba tunapasua mtu, nilifanya hivyo. Windows ikaamka. Faili ya chama ilikuwa na safu zake zote, hadi malipo ya Jumapili iliyotangulia. Betri mpya tuliipata kwa shilingi 100.

Sasa nauliza, kama Mama angekubali Jumatano ile, nini kingetokea? Windows mpya ingewekwa chini ya mpangilio ule uliokosewa, ingekubali, na kila mtu angemsifu fundi. Halafu betri ingebaki imekufa ndani, fundi mwingine siku moja angeurudisha ule mpangilio wa zamani, na samawati ingerudi. Fomati nyingine. Ugonjwa haukuguswa hata mara moja, ila kumbukumbu za watu 22 ndizo zingekuwa zimezikwa.

Kuna watakaosema, aah, hilo ni la tarakilishi kuukuu za sebuleni, wakubwa hawapatwi. Wanapatwa sana. Tarehe 20 Aprili 1998 Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani mjini Chicago kwenye maonyesho ya COMDEX, Windows 98 ikionyeshwa kwa umati. Msaidizi wake akachomeka skana, na skrini ya samawati ikatokea mbele ya watu wote wakaangua kicheko. Na Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, dunia nzima iliona samawati. Kampuni ya usalama wa tarakilishi iitwayo CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro kwa mashine za wateja wake saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Ililiondoa saa mbili na dakika ishirini na saba. Muda huo haufiki hata vipindi viwili vya darasani, lakini Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta takriban safari 7,000 katika siku tano.

Na dawa yake ilikuwa nini? Fomati? Hata! Mafundi waliziamsha mashine katika hali salama, wakafuta faili lile moja ambalo jina lake lilianza na C-00000291, wakaziwasha tena. Basi. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ilibidi mashine nyingi ziguswe moja moja kwa mkono, na nyingi zilikuwa zimefungwa kwa kufuli ya BitLocker inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Lakini aliyesoma ugonjwa aliutibu akaziacha faili za watu salama. Kama mashine za viwanja vya ndege na hospitali zilistahili subira hiyo, ya Mama yangu ina kosa gani?

Hali salama niliyoitaja si siri ya wakubwa. Ni Windows iliyoamka bila mizigo mingi, ikiwa na zile draiva za lazima tu, na imekuwapo tangu Windows 95. Zamani ulibonyeza F8 mashine inapowaka. Siku hizi, katika Windows 10 na 11, mashine ikishindwa kuamka mara kadhaa mfululizo kwa kawaida hujipeleka yenyewe kwenye ukurasa wa ukarabati, na huko kuna mlango wa hali salama, wa kuondoa sasisho la karibuni, na wa kuirudisha mashine ilivyokuwa siku za nyuma bila kugusa nyaraka zako. Tarakilishi ikiamka vizuri katika hali salama lakini ikaanguka katika hali ya kawaida, basi umeshajua mengi: yaelekea chuma ni kizima, na mgonjwa ni programu au draiva iliyoingizwa. Umeshafika nusu ya safari bila kulipa senti.

Swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote halihitaji hata kibodi. Ni hili: nini kilibadilika? Jana ilifanya kazi, leo haifanyi, katikati pana jambo. Kuna aliyeongeza kijiti cha RAM? Aliyechomeka printa mpya? Aliyepakua mchezo? Mashine ilihamishwa kutoka chumba hadi chumba, ikagongwa, waya ukalegea? Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kujisasisha? Fundi asiyeuliza swali hili anabahatisha, na kubahatisha kwa mali ya mtu mwingine ni ujasiri wa bure. Chomoa vilivyoongezwa, kimoja baada ya kingine, ukiiwasha kila mara. Tunafundishwa hivyohivyo katika maabara ya Fizikia: badilisha kitu kimoja, vingine viache. Sijui ni kwa nini tukitoka maabara tunayasahau hayo mlangoni.

Vijiti vya RAM navyo vinastahili neno. Vumbi letu la Januari halina mchezo, na miguu ya kijiti ikishika uchafu mashine hutoa samawati za kila rangi ya namba, leo hii, kesho ile. Zima, chomoa waya ukutani, gusa bati la kasha umeme wa mwilini utoke, kitoe kijiti, kifute kwa kifutio cha penseli polepole, upulize ungaunga wake, ukirudishe mpaka kibane. Kama ni viwili, jaribu na kimoja kimoja. Nimewaona watu wakinunua tarakilishi nyingine kwa kazi ya kifutio cha shilingi kumi.

Lakini kuna mahali ambapo subira yangu inakwisha na ninasema simamisha mkono mara moja. Ukisikia diski ya sahani ikigonga, tik, tik, tik, kama kucha juu ya bati, usiiwashe na kuizima ukijaribu bahati. Diski hiyo inakufa kweli, na kila ukiiwasha huenda unaipunguzia pumzi iliyobaki. Wala usikubali mtu aanzishe programu ya kuirekebisha. Pumzi iliyobaki itumie kunakili. Kwa jumla hii ndiyo kanuni ambayo ningeomba ibandikwe kwenye kila kibanda cha fundi: nakili kwanza, tibu baadaye. Na kunakili kunawezekana hata Windows ikiwa imezimia. Unachukua flashi yenye Ubuntu, programu ya bure ya kuendeshea tarakilishi, unaiamsha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, unachagua kuijaribu bila kuisakinisha, na ile diski ya ndani inaonekana kama kabati lililofunguliwa. Unatoa vyako. Kama diski imefungwa kwa BitLocker utadaiwa ule ufunguo wa tarakimu 48, kwa hivyo mwenye Windows 11 nyumbani aangalie leo kama mashine yake imefungwa na ufunguo uko wapi, asingoje siku ya kilio. Vilivyo vyako vikishatoka, basi, fomati hata mara tatu ukipenda. Mimi si adui wa fomati. Mashine iliyojaa virusi hadi kooni, au ambayo Windows yake imevurugika pasipo mwisho, kuisafisha upya ni jambo la busara. Ninachopinga ni kuifanya fomati salamu ya kwanza.

Nimwonee fundi haki sasa, maana najua wapo walio baba na kaka zenu. Fundi ana kodi ya kibanda. Mteja anamlipa kwa mashine inayowaka, hamlipi kwa kufikiri. Akikaa saa tatu akisoma namba na kufungua vifuniko, kisha akakwambia tatizo ni betri ya shilingi 100, wewe huyohuyo utamtazama kwa jicho la pembeni akitaja elfu moja. Lakini akifomati kwa saa moja na skrini ikang'aa mpya, unatoa elfu na nusu ukisema ahsante. Sisi ndio tuliomfundisha kufomati! Hospitalini tunalipa kumwona daktari hata akituambia twende nyumbani tukanywe maji. Mbona fundi tunataka atuangalizie bure? Pendekezo langu ni kwamba pawe na ada ya kuangalia, ndogo na ya wazi, ilipwe hata kama dawa ni kifutio. Na kabla ya ada hiyo fundi aulize kwa mdomo wake: kuna nini humu ndani usichotaka kipotee? Asiyeuliza hivyo, mimi simpi mashine yangu hata akiwa binamu.

Hapa shuleni je? Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Hatuna bweni wala maabara ya usiku, kazi tunazimalizia nyumbani na kwenye saiba. Ndugu zetu wa kidato cha nne wanaofanya somo la tarakilishi wana karatasi ya tatu ya KCSE, ule mradi ambao mtu huujenga kwa miezi. Mwaka uliopita kuna mmoja ambaye mradi wake ulikaa kwenye mashine ya saiba fulani, mashine ikaonyesha samawati, na alipokwenda siku ya pili akaikuta imeshafomatiwa, ing'ae kama sufuria ya Krismasi. Hakuulizwa. Aliuandika upya kwa wiki tatu huku macho mekundu, na yeye si mvivu hata kidogo. Katika darasa tunajifunza abakasi, Babbage na vizazi vya tarakilishi, ni sawa, historia ni historia. Lakini sijaona kipindi kimoja cha kukaa mbele ya mashine iliyogoma na kuisoma.

Naomba mambo mawili madogo, yasiyogharimu uongozi fedha. Kila tarakilishi ya maabara iwe na daftari lake, limefungwa kwa uzi mezani, na kila hitilafu iandikwe humo: tarehe, maneno ya skrini, nini kilikuwa kimebadilika, nini kilifanywa, nini kilisaidia. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitabu cha magonjwa ya maabara yetu. La pili ni letu sisi wana Kiswahili. Windows imekuwa na sura ya Kiswahili tangu enzi za Windows XP, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka wa 2004, kwa hivyo lugha haishindwi. Lakini majina ya hitilafu yanatujia kwa Kiingereza kigumu ambacho hata walimu wa Kiingereza hukikunjia uso. Tuketi Ijumaa moja baada ya masomo, tuchukue namba kumi zinazojitokeza sana, tuzipe maelezo mafupi ya Kiswahili ambayo mama wa chama anaweza kumsomea fundi kwa simu. Niko tayari kuleta ile ya kwanza, 0x0000007B.

Mama amerudia daftari lake jeusi pamoja na tarakilishi, na kila mwisho wa mwezi ananakili faili kwenye flashi mbili, moja inakaa kwa mwenyekiti. Mjomba ananung'unika kwamba hatuna imani na teknolojia. Mwenye kukubaliana na mjomba, au fundi yeyote aliye na ndugu humu shuleni ambaye naona nimemkosea heshima, aandike jibu lake alikabidhi kwa mhariri kabla ya kufunga muhula. Nitalisoma toleo lijalo, na kama ana hoja nitamjibu.